Sindano

Maji yakichemka husema.
Hupiga mluzi, hurusha kifuniko cha rejeta,
hukusimamisha kando ya lami mbele za watu
na kitambaa mkononi, umeinama kama mwomba radhi.
Oili haisemi.
Oili hukonda tu.
Huwa nyepesi kama chai ya mgeni wa tano,
ikateleza pale ilipotakiwa kushika,
na wewe unaendesha, unaimba,
hujui kuwa chuma kishaanza kumgusa mwenzake.

Hiyo ni hotuba ya Fundi Mgaza,
barabara ya kumi na tano, Ngamiani,
na huitoa bure kabla hajataja bei.

Gari lilikuwa la mjomba Mhando.
Datsun nyekundu, milango miwili,
pua ndefu ya mtu asiyeitikia salamu.
Alipofariki lilikaa miaka tisa uani Chumbageni
chini ya turubai, kuku wakitaga nyuma ya kiti.
Nikarithi gari, deni la maji,
na geji moja ya duara yenye sindano ya rangi ya machungwa.

Kange, tisini.
Pongwe, mia na kumi.
Mashamba ya mkonge yanafunguka na kufunga, mstari kwa mstari,
nami sioni mkonge, naona sindano.
Mkanyageni, mia na thelathini na tano.
Nikaegesha. Nikazima. Nikasubiri
kitu ambacho hakina moshi wala harufu.

Tukabadilisha oili, tukatia nzito.
Sindano haikujali.
Tukabadilisha kitambuzi, labda geji ni mwongo;
geji ikala kiapo ileile.
Jirani akashauri ning'oe themostati niitupe.
Nikamshukuru. Sikuing'oa.
Usiku naota namba.

Ni Kidawa aliyeona, mwanafunzi wa gereji,
mwembamba kiasi cha kupita chini bila jeki,
tochi ya simu ikiwa kati ya meno.
"Dada, njoo uone mji."
Nyuma ya ile pua, rejeta ndogo ya oili,
na kwenye mapezi yake, safu juu ya safu,
vijumba vya nyigu, udongo mkavu,
kila mlango umezibwa vizuri.
Upepo wa njia nzima ulikuwa unabisha hodi hapo
na kurudi zake.

Alichokonoa kwa spoku ya baiskeli na mswaki mkuukuu,
vumbi jekundu likimwangukia kope.
"Wenyewe walishahama," akasema,
"kodi wanakudai wewe."

Sasa Pongwe ni tisini na tano.
Mkanyageni, mia na tano.
Muheza, jua la saa nane, mia na kumi na nane,
na hapo Mgaza anainua mabega:
injini ya miaka hamsini, unataka iwe na damu ya mtoto?
Panda gia mapema. Legeza mguu kwenye mlima.
Ukifika, usizime papo hapo.
Iache ipumue kwanza.

Usizime papo hapo.

Mjomba alikuwa akifika nyumbani hashuki.
Tulimwona dirishani, taa zimezimwa, injini inanguruma chini chini,
yeye kakaa, mikono kwenye usukani,
dakika tatu, nne.
Shangazi Mwanjaa akisema anamalizia mpira redioni.
Siku nyingine alisema ananikwepa mimi huyo,
na akapakua chakula kwa kishindo.
Redio ya gari hili haijawahi kuwa na waya.

Sijui alikuwa akipoza nini.
Alifanya kazi mizani ya kiwandani, kutwa akigombana na madereva,
na ndani hatukumsikia akipaza sauti hata mara moja.

Jana nimefika saa moja na robo.
Mia na kumi. Mia na tano.
Binti yangu kachungulia, kafungua pazia,
kamwita baba yake: "Mama kafika, mbona hashuki?"
Nimempungia mkono.
Mia moja.
Tisini na saba.